Kondoo Waliopakwa Hina Pande Mbili

Nikipita mbele ya duka la viungo na kusikia harufu ya uwatu, nasimama. Wajukuu wangu hunivuta mkono wakidhani nimesahau njia. Sijasahau njia, nimekumbuka kondoo. Nyinyi vijana mliomaliza chuo cha maabara juzi, mliokuja barazani kwangu kuniuliza kazi ya Uarabuni ilikuwaje, najua mlitaka habari za majengo marefu na viyoyozi. Hayo mtayaona kwenye simu zenu. Mimi nitawaambia habari za uwatu na kondoo, maana katika miaka yangu yote ya kazi hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, na ni heri niwakabidhi nyinyi wenye vichwa vibichi.

Kwa asiyenijua, naitwa Bakari. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya mifugo hapa Tanga, kazi ya kutoa damu, kupima damu na kuosha chupa zilizokuwa na damu. Miaka ile ya baada ya elfu mbili na kumi, mawakala wa ajira walikuwa wamejaa kila mji. Wengi walitafuta wasichana wa kazi za nyumbani, lakini palikuwa na nafasi chache za mafundi kama mimi. Nikapata mkataba katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa na miguu miwili. Maabara ilikuwa Riyadh. Mazizi yalikuwa nje ya Jeddah, kwa sababu kondoo walishushwa bandarini Jeddah kutoka Berbera, wale weupe wenye vichwa vyeusi. Mimi nilikuwa huku na huku, leo naosha vyombo Riyadh, kesho nimemkaba kondoo kwa magoti Jeddah.

Aliyeniongoza alikuwa Daktari Mutua, Mkenya wa Machakos, daktari wa mifugo, mdogo kwangu kwa umri lakini bosi wangu kwa kazi. Aliniita Mzee, nami nikamwita Daktari, na hapakuwa na ugomvi. Kazi yake ilikuwa moja: kutafuta kitu ndani ya mmea cha kuiamsha chanjo.

Hapo najua mnakunja uso. Hata mimi niliukunja. Sikilizeni basi. Ile chanjo yetu ya ugonjwa wa miguu na midomo ina virusi vilivyouawa. Ukimchoma kondoo kitu kilichokufa, mwili wake hauhangaiki nacho sana. Ni kama mgeni mpole anayepiga hodi kwa sauti ndogo, wenyewe wamelala ndani. Kwa hiyo unaichanganya chanjo na kitu kingine cha kuushtua mwili, nao unaamka, unamwona mgeni, unamkariri sura, na siku adui wa kweli akija unamtambua. Hicho kitu cha kushtua kinaweza kutoka kwenye mimea. Mimea mingi ina sabuni yake ya asili. Ukiisaga ukaitikisa kwenye maji, inatoa povu. Wazungu walikuwa wakitumia gome la mti fulani wa Amerika Kusini. Daktari Mutua akasema, kwa nini tuagize gome la mbali na Waarabu wana uwatu kila jikoni, wenyewe wanauita hulba?

Taabu ni kwamba sabuni ni sabuni. Inaamsha mwili, lakini ikiwa kali inapasua chembe za damu na kumwachia mnyama uvimbe pale ulipochoma. Kupata inayoamsha bila kuumiza ndiyo ilikuwa shughuli yote. Tulikuwa tunaweka tone la maji ya uwatu kwenye damu ya kondoo iliyochanganywa na maji ya chumvi. Ikibaki na ukungu mwekundu, chembe ni nzima, salama. Ikiwa angavu kama sharubati ya rosela, ujue umezipasua, mwaga, anza upya. Tulimwaga sana.

Wiki za mwanzo tulichekesha watu. Daktari alisema tuchemshe uwatu kwa maji. Mimi nilijua uwatu una ute, kila aliyewahi kumpikia mzazi, mama aliyejifungua, anajua, lakini nikafikiri labda wa kisayansi hauna. Tukachemsha. Ukawa uji mzito, ukaziba chujio, ukaziba na bomba la sinki, Daktari akasimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeharibikiwa na pilau la harusi. Baadaye tukajifunza: saga kwanza, ondoa mafuta, kisha loweka kwenye spiriti badala ya maji, ute unabaki chini. Sasa spiriti yenyewe, katika nchi ile, ilikaa chini ya kufuli na msimamizi. Kila nikienda kuichukua, yule msimamizi alininusa mdomo kwanza. Mimi, mtoto wa madrasa, mwadhini wa zamu! Nilikuwa nikimwambia, "Nusa na nguo, usikie uwatu."

Na harufu ile haikutoka. Nilipokuwa Jeddah nilikuwa nimepanga chumba Ghulail, mtaa wa wageni wa kila rangi kutoka Afrika. Mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiuza mahamri pale aliniona nikipita, akaziba pua kwa kanga, akaniuliza mbele za watu, "Bakari, nani kazaa kwenu? Mbona wanuka mzazi?" Jina la Baba Mzazi likanikaa mpaka nilipoondoka.

Sasa niwaambie lililokuwa limemkaa Daktari rohoni, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Mkuu wa kituo, Dokta Saleh, alikuwa amemwambia waziwazi: kazi ya uwatu ikionyesha matunda kwa kondoo, mkataba unaongezwa na atapewa kibali cha kuleta familia. Isipoonyesha, halas, imekwisha, anarudi kwao. Na kwao nafasi yake ilikuwa imeshajazwa na mtu mwingine. Alikuwa na binti, Mwende, aliyemwacha akitambaa na sasa anasoma gazeti kwenye simu kumwonyesha baba. Daktari alikuwa ameshamtafutia shule Riyadh. Alinipeleka siku moja nikaione, tukasimama nje ya geti kama watu wanaotaka kuiba. Akasema, "Hapa ndio ataingia, Mzee. Ile mlango ya bluu."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Nusu ya kondoo wanachanjwa chanjo tupu. Nusu nyingine wanachanjwa chanjo ile ile yenye uwatu. Wanarudiwa mara ya pili baada ya wiki kadhaa, kisha tunatoa damu na kupima kingamwili. Kundi la uwatu likipanda juu kuliko lile jingine, na wote wakawa wazima, tumefaulu. Mtoto mdogo anaelewa.

Lakini lazima ujue yupi ni yupi. Kwa kawaida unatoboa sikio, unaweka kipande cha plastiki chenye namba, basi. Aliyekuwa akitunza kondoo wetu alikuwa Idris, Msudani, mtu wa ibada na mwenye mapenzi na wanyama kupita kiasi. Kituo kilikuwa kimeahidi kwamba jaribio likiisha na muda wa dawa kutoka mwilini ukipita, kondoo watagawiwa wafanyakazi wa kuchinja Idd kubwa. Idris aliposikia habari ya kutoboa masikio akakataa katakata. Mnyama wa kuchinja Idd hatakiwi awe na kasoro, na sikio lililokatwa ni kasoro.

Nikamwambia, "Idris, tundu dogo la sindano si kukatwa sikio. Uliza sheikh yeyote."

"Nimeuliza," akasema. "Sheikh kasema haina neno. Lakini ewe Bakari, roho yangu haitulii. Mnyama huyu anasimama mbele ya Mola badala yangu. Nimpeleke na sikio limetobolewa?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Daktari Mutua, ambaye ni mtu wa kanisani, alimsikiliza, akasema wacha tuheshimu dini ya mtu. Tukajaribu kamba za shingoni zenye vibao vya namba. Tukatoa damu ya kwanza, ile ya kabla ya chanjo, tukaandika namba za vibao. Kesho yake tukakuta kondoo wametafunana kamba. Vibao viko chini, vingine vina alama za meno, kingine hatukukiona kabisa na tukamtazama kondoo mmoja kwa mashaka siku nzima. Damu ile ya kwanza ikawa haina mwenyewe. Ndipo Idris akaleta hina. Manyoya ya wale kondoo ni meupe na mafupi, hina inashika vizuri na inakaa wiki nyingi. Bega la kulia, uwatu. Bega la kushoto, chanjo tupu. Ilikuwa nzuri kuitazama, na wala haikumuumiza mtu. Nilichoma sindano zote mimi mwenyewe, za kwanza na za marudio, nikitazama bega kwanza kila mara. Ukiniuliza kama nilikosea hata moja, nitaapa sikukosea.

Baada ya sindano za marudio Idris akaenda likizo kwao. Mimi na Daktari tukarudi Riyadh kuandaa vifaa vya kupimia. Mazizini akaachwa Rahmat, Mpakistani, kijana mwema, hodari wa kufagia, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya utafiti maishani mwake. Aliambiwa alishe, anyweshe, asitoe kondoo nje. Yote aliyafanya.

Siku ya kutoa damu tukafika Jeddah asubuhi na boksi la barafu. Daktari alitangulia zizini, mimi nikabaki garini nikipanga sindano. Nikasikia ananiita. Sauti haikuwa yake.

"Mzee! Kuja hapa. Kuja uniambie naota."

Nikaenda. Kondoo wote walikuwa na hina bega la kulia. Wote walikuwa na hina bega la kushoto. Na mgongoni wamechorwa maua, na mkiani mduara, wamependeza kama mabibi harusi wa Lamu. Rahmat amesimama katikati yao akitabasamu, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha.

Nilimuuliza kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, ambacho hakuna Mwarabu angekitambua, "Rahmat, hii nini?"

Akasema, "Idd karibu. Idris hina nusu, mafi halas, hakumaliza. Huku kondoo kulia tu, huku kondoo kushoto tu. Kazi mbaya! Mimi halas."

Mnaona? Kwao Pakistan, kondoo wa Idd hupambwa kwa hina kabla ya kuchinjwa, ni mapenzi na ni heshima. Alipowakuta wetu wamepakwa bega moja moja, alidhani Idris alianza kuwapamba, likizo ikamkuta njiani, akaondoka bila kumaliza. Akaona aibu kwa niaba yake. Akanunua hina kwa hiari yake, akamaliza kazi ya mwenzake. Msudani alikataa kutoboa kwa sababu ya Idd, Mpakistani akapaka kwa sababu ya Idd, na baina yao hao wacha Mungu wawili, jaribio letu likayeyuka. Nilitaka kukasirika nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Daktari alikaa chini kwenye nyasi kavu, akawa anacheka, halafu hakuwa anacheka tena.

Tukatoa damu hivyo hivyo, safari hii kila kondoo tukimwandika namba chini ya tumbo. Hapa nikae kidogo niwape la kazi, maana mkija kulitumia mtanishukuru. Kondoo usimkimbize, ukimkimbiza damu inaganda vibaya. Mkabe katikati ya magoti, inua kidevu, lowesha shingo kwa spiriti mpaka manyoya yalale, bonyeza kidole gumba chini kabisa ya shingo na utaona mshipa unavimba wenyewe. Sindano iingie mara moja. Chupa usiitikise, maana ukiitikisa chembe zinapasuka na utadhani ni dawa iliyopasua. Tulipokuwa vijana tulikuwa tukisoma matokeo kwa macho, tunanyanyua mirija dirishani na kubishana ipi ina ukungu. Riyadh walikuwa na mashine inayosoma rangi kwenye visahani vya visima vidogo vidogo. Haibishani na mtu. Na ndiyo maana ilituchanganya zaidi.

Majibu yalipotoka, kondoo wengine walikuwa wamepanda juu sana na wengine wako chini, kama tulivyotarajia. Lakini waliopanda walikuwa wengi kuliko tuliowachoma uwatu! Na katikati palikuwa na wachache ambao hawako juu wala chini. Nikaitazama ile karatasi, nikahesabu upya. Kama uwatu ndio unaopandisha, hawa waliozidi wamepandishwa na nini?

Tuliporudi Jeddah, Daktari alinifuata chumbani kwangu Ghulail jioni moja, nikampikia chai ya tangawizi. Hakuinywa.

"Mzee, nimefikiria," akasema. "Waliopanda juu kabisa ndio wa uwatu. Hiyo ni obvious. Wale wamezidi, hao walikuwa wameugua huko kwao Berbera kabla wapakiwe meli. Mwili ilikuwa inajua ugonjwa tayari."

"Inawezekana," nikasema.

"Si inawezekana, ndio hivyo. Tukiwapanga hivyo, grafu inakuwa safi. Uwatu iko juu, tupu iko chini."

Vijana wangu, maneno yake yaliniingia akilini moja kwa moja, na bado kuna kitu kilikuwa kinakataa. Sikuwa na elimu ya kulijibu. Nilihangaika nalo huku chai inapoa, mpaka likanijia kwa njia ya kwetu.

"Daktari," nikamwambia, "kuku kaibiwa. Unamtafuta mwizi kwa kuangalia nani kashiba. Halafu unasema, mnaona, wezi wa kuku hushiba."

"Najua," akasema taratibu. "Unafikiri mimi sijui? Lakini kama ni kweli walikuwa ndio hao? Tutatupa kitu kizuri kwa sababu ya hina?"

Na kweli, huenda walikuwa ndio hao.

Tukangoja Idris arudi. Alipoambiwa alilia kwanza, kisha akajifuta, akasema tusiwe na wasiwasi, yeye anawajua kondoo wake kwa sura kama watoto wake. Daktari alimshika mkono kwa furaha. Idris akaingia zizini, akawagawa: huyu kulia, huyu kushoto, huyu nakumbuka ana kiburi, kulia. Nikawawekea alama ya rangi chini ya tumbo, mahali asipoweza kuona. Kesho yake nikamwomba awagawe tena. Akawagawa kwa uhakika ule ule, na hawakuwa wale wale. Nilipomwonyesha alimkodolea macho kondoo mmoja, akamwambia, "Ewe, umebadilika uso!" Alikasirika na yule kondoo mpaka jioni. Nami nisimcheke, maana nilijijaribu mwenyewe, niliyewachoma wote kwa mkono wangu, na nikatofautiana na nafsi yangu vilevile.

Likabaki jambo moja. Sabuni ya mimea ikiwa kali inaacha uvimbe shingoni, pale nilipochoma. Nikasema nitawapapasa. Nitakayemkuta na kivimbe, huyo ndiye wa uwatu. Nikaanza, kondoo kwa kondoo, kwa vidole, taratibu. Nilikuwa karibu nifike nusu ya zizi ndipo nikaelewa nafanya nini, nikasimama na shingo ya kondoo mkononi. Nikikuta vivimbe, nitakuwa nimejua yupi ni yupi, na nitakuwa nimejua pia kwamba dawa yetu si salama. Nisipokuta, dawa ni salama na hatutajua chochote. Nilikuwa naomba nini hasa? Niliendelea kupapasa huku naomba yote mawili. Shingo zilikuwa laini. Wawili watatu walikuwa na kauvimbe kadogo, mmoja katika waliopanda, wengine katika waliobaki chini, na hivyo vingeweza kuwa vya kupe. Daktari aliponiuliza, nikamwambia, "Ni laini, Daktari." Sikujua kama nampa habari njema au mbaya, na uso wake ulionyesha kwamba yeye pia hakujua.

Dokta Saleh akaja Jeddah mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mumdhanie hivyo. Alikuwa mpole, alivua viatu vyake vizuri akavaa mabuti ya zizini kama sisi. Tulimweleza habari ya hina, akaguna, akatikisa kichwa, akasema astaghfirullah. Kurudia jaribio haikuwezekana, mazizi yalikuwa yameshaahidiwa watu wa chanjo ya ngamia. Daktari Mutua alikuwa na karatasi mbili ndani ya faili lake. Moja ilikuwa na grafu safi. Nyingine ilisema jaribio limeharibika. Nilikuwa nimeziona zote asubuhi ile, na alikuwa hajaamua.

Dokta Saleh aliniangalia mimi. "Bakari, wewe ndiye uliyechoma sindano zote. Ukiniambia unawatambua, nitakuamini. Wewe ni mtu mzima. Unawatambua?"

Rahmat alikuwa ameshika mlango wa zizi. Idris alikuwa anasoma kitu kwa midomo bila sauti. Daktari Mutua hakuniomba kwa neno wala kwa ishara, alitazama kondoo tu. Nikaliona geti lile la Riyadh na mlango wa bluu. Nilikuwa na jibu mdomoni, fupi, zuri, na huenda lilikuwa la kweli. Nani angeweza kusema si la kweli? Hata mimi nisingeweza.

"Siwatambui, mudiri," nikasema. "Wallahi sijui."

Daktari akafungua faili, akatoa karatasi moja. Sikuweza kuona ni ipi mpaka alipoanza kuisoma. Akasema, "Jaribio limeharibika. Hatuwezi kusema uwatu inafanya kazi, na hatuwezi kusema haifanyi." Sauti yake ilikuwa imara mpaka mwisho. Dokta Saleh alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akamwombea heri. Kwa heshima zote hizo, mkataba ukaisha pale pale.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege Jeddah. Tulisimama kwenye foleni ndefu ya Nairobi pamoja na wasichana waliokuwa wakirudi kwao na mabegi makubwa yaliyofungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa nimejaa majuto ambayo sikujua ni ya nini, maana sikuwa nimefanya kosa, na mtu asiye na kosa hatakiwi kuumwa namna ile. Mwishowe nikamuuliza lile lililokuwa likinikera.

"Daktari, wewe mwenyewe, moyoni, unaonaje? Uwatu ulifanya kazi?"

Akasogeza begi lake kwa mguu. "Mzee, ukweli ya Mungu, sijui. Siku nikijua nitakupigia."

Siku hizi yuko kwao, ana mbuzi wachache anaowajaribia, amewatoboa masikio wote, na uwatu ananunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Mafungu mengine ya uwatu yanapandisha kingamwili, mengine hayapandishi, na hajui kwa nini. Mwende amekuwa msichana mkubwa. Kila Idd Daktari hunipigia simu, yeye Mkristo, hajawahi kusahau hata moja. Mimi hupokea nikaanza salamu, lakini kabla sijamaliza hunikatiza, kwa sauti ile ile ya zizini, huku nyuma yake mbuzi wanalia.

"Bado, Mzee," huniambia. "Bado."